Leso Juu ya Meza

Vijana wangu, nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya benchi nililolichonga kwa mikono yangu, ndani ya soko nililoliua kwa mikono hiyohiyo, na soko lenyewe liko hai. Mbele yangu wanawake wanabishana juu ya bei ya ndimu, nyuma yangu watoto waliotoka chuo cha Kurani wanachora juu ya maboksi, na harufu ya iliki imenijaa puani. Alhamdulillahi. Si kila fundi anayejaaliwa umri wa kuona kosa lake likifumuliwa likashonwa upya. Mimi nimejaaliwa, na sioni shukrani iliyo bora kuliko kuwasimulia.

Wengi wenu mnanijua: Fundi Athmani wa Kuze. Milango mikubwa ya nakshi, ile inayopigwa picha na wageni, waliifanya wengine. Mimi nilikuwa seremala wa masoko. Meza za samaki, meza za mboga, masanduku ya viungo, vigoda, mbuzi za kukunia nazi. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto, tangu ndevu zinaanza kuota hadi zilipokuwa nyeupe.

Sasa nyinyi mnaosomea kusanifu majengo, na nyinyi mnaojifunza randa na patasi, mwaniuliza soko hujengwaje. Nitawajibu, lakini mnisubiri. Mzee hasimulii kwa kufuata kalenda.

Nianze na samaki. Nilikuwa kijana, nimenunua pimamaji yangu ya kwanza, naibeba hata siku zisizo za kazi. Aliyenifunza useremala, Mzee Mbarak, Mola amrehemu, alinipa nimtengenezee meza muuza samaki mmoja aliyeitwa Bwana Saidi. Nikaitengeneza sawasawa kabisa. Nikaiweka pimamaji juu yake, lile povu dogo likakaa katikati, halitikisiki. Nilisimama kando nikingoja kusifiwa.

Bwana Saidi akapanga changu na tasi wake, akawamwagia maji, na maji yakakaa. Hayakwenda kulia, hayakwenda kushoto. Akamwagia tena. Kabla ya adhuhuri samaki walikuwa wanaelea.

"Fundi!" akaita kwa sauti ya soko zima kusikia. "Hebu njoo! Nilikuomba meza, nawe umenipa bahari. Basi nipe na ndoana niwavue!"

Mzee Mbarak alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipa kitambaa, akaniambia nisimame pale niyafute maji. Siku tatu nilifuta. Siku ya nne akaja, akaniuliza, "Sasa wajua kwamba meza ya samaki huinamishwa upana wa kidole, kuelekea mferejini?"

"Najua."

"Nani kakufunza?"

"Maji."

"Vyema," akasema, akaniletea mbao nyingine.

Ndivyo alivyofunza. Hakukwambia kitu ambacho kazi yenyewe ingekwambia. Na kabla ya kukata ubao wowote, alimkalisha muuzaji kama atakavyokaa siku ya kazi, akamwambia anyooshe mkono, akapiga alama ya chaki ukutani kwenye kiwiko. Nilimuuliza kwa nini tusitumie kipimo kimoja kwa watu wote tukamaliza mapema. Akaniambia mtu hakai juu ya kipimo, hukaa juu ya makalio yake, na Mungu hakuyagawa sawa. Alikuwa mcha Mungu sana Mzee Mbarak, lakini ulimi wake ulikuwa huru.

Nayasema haya ili mjue kwamba nilifunzwa. Kosa kubwa sikulifanya kwa ujinga. Nililifanya nikiwa fundi mkuu, nina heshima, na nina nia njema.

Soko letu hili ni dogo, liko baina ya mitaa ya Kuze na Kibokoni, na kwa muda mrefu lilikuwa banda la paa la mabati na sakafu ya saruji. Wanawake walikaa chini juu ya mikeka. Pale mlangoni alikaa Bi Rukia wa Kibokoni, muuza viungo: iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga, na ikifika alasiri huleta asumini zilizotungwa. Mahali pale alikaa mamake kabla yake. Ubavuni mwake alikaa Mama Kadzo, Mkristo wa Rabai, ambaye kila asubuhi huingia kisiwani kwetu na muhogo, mchicha na ndimu. Wakiwa vijana walikaa pamoja, na uzee umewakuta pamoja.

Karibu na kustaafu kwangu, wakubwa wa ofisi ya masoko ya mji tuliyokuwa tukiifanyia kazi walitaka soko litengenezwe upya, wakaniachia mimi kazi ya ndani. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikawatazama wale wanawake, nikaingiwa na huruma. Wamekaa wazi, kila mpita njia awaona, mwanamume akipita na kikapu awagusa mabega. Mimi nimelelewa chuoni tangu sijui kufunga kikoi, na neno sitara nimelisikia kabla sijajua maana yake. Nikasema, wallahi, nitawapa hawa dada zangu sitara.

Basi nikampa kila mmoja mahali pake: meza yake, mlango wake mdogo, kufuli yake. Na baina ya kila muuzaji na jirani yake nikasimamisha kiambaza cha mbao, kirefu kuliko mtu aliyekaa. Viambaza kumi. Na mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa fundi wa meza, nikaona hapa ndipo nitakapoonyesha kwamba nakshi naijua. Nilivichonga vyote kwa mkono, maua, majani, mizabibu inayopanda, miezi kadhaa. Kila nikimaliza kazi ya siku nilikuwa nikivipapasa kama mtu anayempapasa farasi wake.

Siku ya kufungua nilileta halua mwenyewe, sinia zima, na birika la kahawa. Wanawake wakapitisha vidole juu ya maua. "Mashaallah, Fundi. Mashaallah." Bi Rukia alitokwa na machozi. Nilirudi nyumbani nikaswali rakaa mbili za shukrani.

Haukupita mwezi, mmoja akatoka akakaa njiani juu ya kartoni. Kisha wawili. Kisha wote. Nje, juani, wanafukuzwa na askari, wanakimbia na vikapu, wanarudi. Na ndani meza zangu zimefungwa kufuli, paka wamelala juu ya sakafu safi. Nikienda kuuliza, hujibiwa kwa adabu kubwa.

"Kwani ndani muna nini, Bi Rukia?"

"Hamna kitu, Fundi. Ndani pazuri sana. Twapunga hewa tu."

Miaka ikapita wakipunga hewa. Nami, Mola anisamehe, nilikuwa nikikaa barazani nikisema kwamba watu wetu hawapendi kutengenezewa kitu kizuri.

Nilishastaafu habari iliponifikia: ofisi imeamua kwamba soko lisilo na wauzaji si soko. Litafungwa, liwe ghala la kuwekea vitu vyao, na wanaouza njiani waondolewe moja kwa moja. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu. Walimleta msanifu majengo kijana, binti wa Bungoma anayeitwa Nekesa, wakampa mpaka kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Wauzaji wakirudi ndani kabla ya hapo, soko litabaki. Wasiporudi, Bi Rukia na Mama Kadzo hawatakuwa na ndani wala nje.

Nekesa aliuliza ni nani aliyejenga mle ndani, akaletwa kwangu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu, karibu ndani."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa unywe kahawa."

Akavua viatu, akakaa, akanywa kahawa ya tangawizi akakunja uso wote, kisha akaomba kikombe cha pili ili nisione vibaya. Hapo nikampenda. Alikuwa na tabia moja ambayo nataka nyinyi muiige: akiuliza swali, hunyamaza. Hamalizii jibu la mtu. Aliniuliza habari za mle ndani, akangoja, mpaka nikaanza kujisemesha mwenyewe. Nikamwambia abadilishe atakacho, sakafu, paa, meza, lakini viambaza visiguswe. Nikarudia mara tatu. Akafungua daftari lake akaandika, nami nikaona: "Viambaza visiguswe."

Akaenda kwa wauzaji na karatasi kubwa na kalamu za rangi, akawaomba wachore soko wanalolitaka. Nilikuwa nimesimama karibu. Bi Rukia akachora ua. Mama Kadzo akachora kuku.

"Mama Kadzo," Bi Rukia akamwambia, "huyo kuku yuwatafuta nini sokoni?"

"Ndiye niwezaye kumchora, dada. Wewe ulitaka nichore tembo?"

Na kila aliloulizwa mtu alijibu ni sawa tu, alhamdulillahi, nashukuru, ni sawa. Nekesa akanijia jioni amechoka. "Mzee, kila mtu ananiambia ni sawa. Kama ni sawa, mbona wote wako nje?"

Swali hilo lilikuwa langu la miaka yote. Lakini kitu kimoja nilikijua. "Mwanangu," nikamwambia, "watu wa hapa ukiwauliza kwa mdomo, watakujibu kwa heshima. Waulize kwa mikeka."

"Kwa mikeka vipi?"

Nikamweleza. Panapokuwa na maulidi au harusi uwanjani, kila mwanamke huja na mkeka wake. Hapana mtu anayewapanga. Baada ya muda mfupi kila mmoja amekaa mahali pake, na ukitazama utajua nani amtaka nani, nani amkimbia nani, nani hapendi upepo, nani yuwataka kuondoka mapema. Hawasemi neno. Mikeka ndiyo inayosema.

Nekesa akanitazama kama niliyempa ufunguo. Nami nilijiona mjanja sana siku hiyo, sikujua kwamba kesi niliyoifungua ni yangu.

Ubavuni mwa soko pana uwanja mdogo unaoegeshwa mikokoteni. Tukaiondoa, tukatandaza turubai juu, tukawaambia wauzaji waje na mikeka na bidhaa zao, wakae wapendavyo, wauze siku nzima. Kazi yangu ilikuwa chokaa na futi: kutia alama kila alipokaa mtu, na kupima. "Na usiseme kitu, Mzee," Nekesa akaniomba. "Hata neno moja."

"Hata salamu?"

"Salamu sawa."

Wakaja. Bi Rukia akatandika mkeka wake penye kivuli kizito. Mama Kadzo akatandika wake karibu, akautazama, akausogeza karibu zaidi. Wa tatu akaja, naye akajibandika. Uwanja mzima mtupu, wao wamekaa kama watu wa sahani moja ya pilau. Ulimi ulinikereketa. Nilitaka kusema jitanueni kidogo, jamani, nafasi ipo. Lakini nilikuwa nimeahidi, nikapima tu. Kutoka mkeka wa Bi Rukia hadi wa Mama Kadzo, kipimo hiki. Kutoka wa Mama Kadzo hadi wa tatu, kipimo kilekile. Wa nne, kilekile, kama waliopimiwa na fundi. Nikakuna kichwa. Kipimo hicho sikukijua, wala hakikuwamo katika futi yangu.

Adhana ya adhuhuri ikaita.

Bi Rukia akaitoa leso, kanga aliyojitanda mabegani, akaitandaza juu ya iliki na bizari, akainuka. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo, na aliyefuata. Kufumba na kufumbua, leso zimelala juu ya bidhaa upande huu na upande huu, nyekundu, manjano, buluu, na wenyewe wamekwenda kuswali katika nyumba ya jirani. Akabaki Mama Kadzo peke yake katikati.

Akaja mwanamume. "Bizari kidogo, mama."

Mama Kadzo hakuinuka. Alinyoosha mkono wa kulia, akauingiza chini ya leso ya Bi Rukia, akachota, akafunga, akapokea pesa akaziweka chini ya leso ileile. Akaja mwingine anataka ndizi. Mama Kadzo akanyoosha mkono wa kushoto. Kwa walio mbali alijisogeza kidogo juu ya mkeka, akanyoosha tena. Huku anamenya ndimu.

Mimi nimesimama na kopo la chokaa. Soko hili nimeingia tangu mamangu ananituma bizari na sahani mkononi. Leso zile nilikuwa nikiziona maisha yangu yote, na sikuwahi kuzitazama. Sasa nikajua kipimo kile ni nini. Kilikuwa mkono wa jirani. Na ni baina ya mkono ule na leso ile ndipo mimi niliposimamisha ubao uliochongwa, mrefu kupita kichwa, wenye mlango na kufuli.

Nami nilikwenda msikitini, nikaiwahi swala ya jamaa katika rakaa ya mwisho. Niliporudi, Bi Rukia alikuwa ameshafunua leso yake, anakusanya pesa zilizokuwa chini yake kama mtu anayeokota mayai.

"Na mle ndani," nikauliza, "mlipokwenda kuswali mlifanyaje?"

Bi Rukia akaendelea kuhesabu pesa zake. Nekesa akangoja, kama kawaida yake. Mwishowe Mama Kadzo akaweka kisu chini.

"Tulifunga, Fundi. Mnunuzi alikuta kufuli. Na Jumapili nikienda kanisani, muhogo wangu ulilala. Zamani Rukia alikuwa akiniuzia, ingawa muhogo haujui, huwapa watu ule wa mizizi."

"Muongo!" Bi Rukia akadakia. "Ni mara moja tu!"

"Mbona hamkuniambia?" nikasema. "Miaka yote hii!"

Bi Rukia akashika ukingo wa kikapu chake. "Fundi, ulileta halua."

"Halua?"

"Siku ya kufungua. Sinia zima. Nawe ulikuwa ukicheka kama bwana harusi. Nani angekwambia?"

"Lakini ulitokwa na machozi, Bi Rukia. Nilikuona."

"Naam, nililia. Nilikuwa nimempoteza jirani yangu."

"Mimi nikimwita," akasema Mama Kadzo, "'Rukia! We Rukia!' kama mtu aliyetumbukia kisimani. Fundi, ile kazi yako, sidhani kama mlango wa peponi una nakshi nzuri hivyo. Lakini hata peponi mimi nitataka kumwona jirani."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nekesa aligeuza uso, mabega yanamtikisika. Nikajaribu kukasirika, wanangu, nikashindwa. Nilicheka mpaka kofia ikanianguka ndani ya kopo la chokaa.

Ile nia yangu ilikuwa njema, na Mola aijua. Lakini nia njema haikuniondolea wajibu wa kuuliza. Chuoni tulifundishwa pia kushauriana, na somo hilo mimi nilikuwa nimeliacha mlangoni pamoja na viatu. Niliwapa watu sitara ambayo hawakuiomba, nikawanyang'anya macho ya jirani, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiwasitiri.

Kesho yake baada ya alfajiri nilimkuta Nekesa sokoni. "Lile daftari lako," nikamwambia, "lifungue ufute pale palipoandikwa visiguswe."

"Mzee, nilikuahidi."

"Ndiyo maana hutavigusa wewe."

Nikatoa bisibisi. Hapa niwape neno la kazi. Viambaza vile nilivifunga kwa skrubu za shaba, si misumari, kwa sababu Mzee Mbarak alinizuia kupiga msumari wa chuma katika kitu kinachopigwa na hewa ya bahari, na kwa sababu alisema fundi mwenye adabu huacha njia ya kurudi. Skrubu zilitoka moja baada ya moja, hazina kutu hata kidogo. Kiambaza cha kwanza kilinichoma moyo. Cha pili kilinichoma kidogo. Cha tano nilikuwa naimba kasida.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kama sherehe. Hatukufunga kitu moja kwa moja mpaka kikae wiki nzima kimeegemezwa tu, na kila aliyepita akasema lake. Fanyeni hivyo, tafadhali. Rangi ije mwisho, maana kitu kikishapakwa rangi watu huona aibu kukikataa. Meza tulizifanya fupi, zinashikana bila ya mpaka, na kila kikao kiko umbali wa mkono wa jirani. Tulipima mikono yenyewe, mmoja baada ya mmoja, huku Mama Kadzo akidai wake uandikwe mrefu zaidi kwa heshima ya umri. Bi Rukia akatukatalia dirisha nililolipenda, kwa sababu upepo hukausha asumini kabla hazijachanua. Nilikuwa sijui. Nimeishi na mke anayevaa asumini miaka yote hiyo, na sikujua.

Palipobishaniwa sana ni hapa katikati. Nekesa alisema tusijenge kitu.

"Kitu gani?"

"Chochote, Mzee. Paachwe wazi."

"Patakuwa na nini?"

"Sijui. Tungoje tuone."

Kwa seremala hiyo ni lugha ngumu. Lakini ng'ambo ile ya kisiwa, Kibarani, palipokuwa jaa la mji mzima, nimeona kwa macho yangu miti imepandwa na watu wanapumzika. Nikasema basi, tungoje. Na pakaja watu. Wa kwanza walikuwa wanawake wanaosuka ukili wa mikeka. Walitaka mahali pa kusukia wakizungumza na wauzaji. Akafuata mshona kofia na sindano yake, na kesho yake walikuwa watano wanaomtazama, na kesho kutwa wamekuja na sindano zao. Kijana anayeandika mabango ya maduka akaanza kuwafunza watoto wa chuo kuchora herufi nzuri juu ya maboksi ya Mama Kadzo. Mnunuzi huja kwa ajili ya bizari, akakaa, akasuka ukili kidogo, akaondoka na bizari na habari za mji. Hapana aliyewaita, wala hapana kibao kilichoandikwa. Palikuwa na nafasi na mabenchi, na mabenchi hayo migongo yake ni viambaza vyangu tisa.

Mwezi haujaandama, wauzaji wote walikuwa wamesharudi ndani, na alasiri ya Ramadhani mosi soko lilijaa mahamri, kaimati na tambi za kufuturu, huwezi kupitisha mguu. Wakubwa wa ofisi wakaja na funguo zao kuangalia. Mmoja wao akamuuliza Mama Kadzo, mlango wa kufuli uko wapi? "Umekuwa meza, mwanangu," akamjibu. "Nikufungie kaimati za nyumbani?" Akafungiwa za watu sita. Habari ya ghala hatukuisikia tena. Nilifuturu hapahapa kwa tende tatu, na tende ile ya kwanza sijawahi kuonja mfano wake.

Mmenisikia nikisema viambaza tisa, navyo vilikuwa kumi.

Cha kumi kilikuwa bora kuliko vyote, matawi ya asumini yanayopanda kutoka pembe moja hadi nyingine. Nilisema nitakipeleka nyumbani. Mke wangu akaniuliza, "Kikae wapi? Nyumba hii imejaa wewe." Basi nikakisimamisha nyuma ya kiti changu hapa sokoni, maana sasa nami nina kikao: natengeneza mbuzi za kukunia nazi na vigoda, na yeyote anayetaka kujifunza patasi hukaa nami. Ili kisiingie vumbi, nikakifunika leso ya mke wangu. Niliwaambia watu nakihifadhi. Ukweli ni kwamba sikuweza kuachana nacho.

Mwezi uliopita nilikwenda kuswali alasiri. Niliporudi, nyuma ya kiti palikuwa ukuta mtupu, na leso imekunjwa vizuri juu ya meza.

"Mama Kadzo, kiambaza changu kiko wapi?"

"Nimekiuza."

"Umekiuza!"

"Si kilikuwa chini ya leso?"

"Leso ilikuwa ya vumbi!"

"Fundi," akasema, hata kisu hakukiweka chini, "mimi ni Mrabai, lakini desturi ya soko hili naijua kukushinda. Mtu akifunika leso akenda kuswali, kilicho chini yake chauzwa. Ulitaka nimjibu mnunuzi kwamba hii ni leso ya aina nyingine? Pesa ziko hapo ndani."

Bi Rukia alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya buibui.

"Na nani aliyekinunua?"

"Yule binti wa Kibokoni anayewapaka maharusi hina. Chumba chake kina dirisha la njiani, bibi harusi akikaa wanaume wapita njia humchungulia. Yuwataka kitu cha kumsitiri asionekane, na hewa iingie. Nikamwambia kipo, kimemngoja muda mrefu."

Niliketi. Nikaikunjua leso, nikazihesabu pesa.

Siku ya pili nilipitia njia ile ya Kibokoni. Nikaliona dirisha kwa mbali. Majani yangu ya asumini yalikuwa yamekaa sawasawa, kama niliyepimiwa dirisha lile tangu mwanzo, na nyuma yake wanawake wanacheka kwa sauti, wanaimba, na sikumwona hata mmoja. Nikainamisha macho, nikapita zangu, nami nacheka.

Adhana ya alasiri inaita sasa, vijana wangu, na leso iko mkononi. Mbuzi na vigoda navifunika. Karatasi hizi naziacha juu ya meza, nje ya leso, maana ni zenu, na jirani yangu namjua.